Nyumba, Boriti na Jina: Posta ya Wajerumani ya Lamu Ikitazamwa kutoka Mkokoni

Utangulizi

Katika mji wa Lamu, kwenye njia kuu iitwayo Usita wa Mui, ipo nyumba ya mawe ambayo leo ni jumba dogo la makumbusho, na ambayo wenyeji na wageni huijua kwa jina moja tu: Posta ya Wajerumani. Ofisi ya posta iliyoipatia nyumba hiyo jina ilifunguliwa tarehe 22 Novemba 1888, ikafungwa mwezi Machi 1891. Kwa hiyo jina linalodumu hata sasa linatokana na shughuli iliyochukua muda wa miaka miwili na miezi minne, katika mji ambao umekaliwa kwa karne nyingi na ambao mwaka 2001 uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia.

Makala haya yanakusudia kuichunguza historia ya nyumba hiyo kwa upande ambao haujazoeleka. Badala ya kuanzia kwenye bendera iliyopepea mlangoni, yataanzia kwenye dari, yaani kwenye miti iliyoibeba sakafu ya juu. Na badala ya kuanzia Berlin au Unguja, yataanzia Mkokoni, kijiji cha Wabajuni kilichoko bara, kaskazini mashariki ya Lamu, mkabala wa kisiwa cha Kiwayuu. Hoja itakayotetewa ni kwamba nyumba ya biashara ya pwani ina historia mbili. Ya kwanza ni historia ya wapangaji wake, ambayo imeandikwa katika mikataba na kuhifadhiwa. Ya pili ni historia ya kazi iliyoisimamisha, na hiyo imehifadhiwa zaidi katika msamiati. Historia hii ya pili ndiyo iliyo hatarini, kwa kuwa maneno yakishaachwa kusemwa hayana jumba la makumbusho la kuyatunza.

Mkokoni na mikoko yake

Jina la Mkokoni halihitaji maelezo marefu kwa msemaji wa Kiswahili: ni mkoko pamoja na kiambishi cha mahali. Majina ya namna hii ni mengi katika mwambao, na aghalabu hutaja kile ambacho baharia alikiona kwanza alipokaribia nchi, au kile ambacho watu walikifuata mahali hapo. Visiwa na hori za Lamu vina karibu asilimia 60 ya mikoko yote ya Kenya. Katika hori hizo haumei mti wa aina moja. Upo mkoko wenyewe wenye mizizi iliyoinuka juu ya matope, upo mkandaa, upo muia, mchu, mlilana na mkomafi. Lugha ya kila siku mahali pengine huijumlisha miti yote hii katika neno moja, lakini mkataji huitenganisha, kwa sababu kila mmoja una kazi yake: huu hunyoka na kufaa kwa ujenzi, huu hutoa mataruma ya mashua, na huu gome lake hutia rangi na kulainisha ngozi.

Mti ukishakatwa huacha jina lake la asili na kuchukua jina la unene wake. Hapa ndipo msamiati unapopata utaratibu wake maalumu. Mwembamba kabisa ni fito, ukizidi kidogo huwa pau, kisha mazio, kisha boriti, kisha nguzo, na baada ya hapo huja vigogo na banaa. Kwa vipimo vinavyotumika katika biashara hiyo nchini Kenya, pau ina kipenyo cha kati ya sentimita 4 na 7.5, mazio kati ya 8 na 11, boriti kati ya 11.5 na 13.5, na nguzo kati ya 14 na 20. Miti hiyo huhesabiwa kwa korija, na korija moja ni miti 20.

Yafaa msomaji azingatie mambo mawili juu ya maneno haya. Kwanza, asili zao hazifanani. Boriti ni neno lililotoka katika Kireno. Korija ni kipimo kilichoenea katika bandari za Bahari ya Hindi, hasa za Bara Hindi. Ilhali fito na nguzo ni maneno ya Kibantu. Bandari nzima, kwa hakika, imo katika orodha ya mkataji wa hori. Pili, maneno hayohayo yana maana mbili. Kwa fundi wa nyumba, boriti ni mti uliolazwa kubeba dari, na nguzo ni kitu kilichosimama kubeba kingine. Kwa mkataji na mnunuzi, boriti na nguzo ni madaraja ya unene, hata kama mti huo haujawahi kuiona nyumba. Maana moja ni ya kazi, nyingine ni ya soko. Mwenye kutunga kamusi akiiandika ile ya kwanza peke yake, atakuwa amelihifadhi neno la mjini na kulipoteza neno la horini.

Hali kadhalika mgawanyo wa miti ulikuwa mgawanyo wa makazi. Nyumba ya kawaida katika vijiji vya Wabajuni vya bara na visiwani ilijengwa kwa nguzo, pau na fito, ikakandikwa udongo na kuezekwa makuti. Boriti ndiyo iliyotafutwa zaidi na wafanyabiashara, nayo ilipakiwa ikaenda kwenye miji ya mawe au kuvuka bahari. Basi hori moja ililisha aina mbili za ujenzi, na jina la mti likaonyesha, tangu ulipokatwa, utakwenda wapi.

Usita na nyumba ya biashara

Lamu ya karne ya 19 ilikuwa mji uliokuwa ukibadilika. Baada ya vita vya Shela, takriban mwaka 1812, watu wa Lamu waliomba hifadhi ya Sayyid Said wa Oman, na ngome iliyoko katikati ya mji ikakamilika mwaka 1821. Amani iliyofuata ilivuta biashara. Ufuo ulijazwa na kusogezwa mbele, na njia ambayo zamani ilipakana na maji ikawa ndani ya mji, ikapangwa maduka pande zote mbili. Ndiyo Usita wa Mui: “usita” kwa Kiamu ni njia au mtaa, na “mui” ni mji.

Nyumba ya mawe ya Lamu haikuanza kama duka, wala haikuwa makazi matupu. Mpango wake unajulikana vyema kutokana na utafiti uliofanywa katika miaka ya 1970, hasa wa Usam Ghaidan, ambaye kitabu chake juu ya uhifadhi wa mji huo kilitolewa mwaka 1976. Mgeni aliingia kwanza katika daka, penye viti vya mawe pande mbili, akapita tekani, akafika kiwanda, yaani uwanja ulio wazi kwa juu. Ng’ambo ya kiwanda kulikuwa na msana wa tini na msana wa yuu, kisha ndani, penye zidaka zilizochongwa kwa chokaa. Kila hatua ilikuwa na jina, na kila jina lilikuwa na mipaka ya nani aruhusiwe kuifikia. Mfanyabiashara aliyekuja na kaskazi alipokewa darini katika sabule, chumba kilichotengwa na sehemu za wenyeji wa nyumba, akakaa humo hadi kusi ianze. Kwa hiyo mkopo, bei na ahadi vilizungumzwa ndani ya nyumba, mbali na barabara. Duka lililofunguka usitani ni mpango wa baadaye kidogo, uliostawi pamoja na wafanyabiashara wa Kihindi katika karne hiyo ya 19.

Lakini iwe nyumba ya kukaa, iwe nyumba ya kuuzia, zote zilitii sheria moja. Kuta zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa katika tanuu. Dari zililazwa juu ya boriti. Boriti haichukui uzito kwa urefu wowote apendao mjenzi. Ndiyo maana vyumba vya Lamu ni virefu lakini vyembamba, na upana wake hauzidi sana mita 2.5 hadi 2.8. Tajiri angeweza kuongeza idadi ya vyumba, angeweza kuongeza zidaka na ghorofa, lakini hakuweza kuupanua ukumbi zaidi ya uwezo wa mti wa horini. Nyumba iliyokuja kuitwa posta ilipatikana katika mji wenye sheria hiyo. Kabla Mjerumani hajaweka meza yake, upana wa chumba cha pwani ulikwisha kuamuliwa na mkoko.

Miaka miwili na miezi minne

Kilichowaleta Wajerumani Lamu hakikuwa barua, bali Witu. Huko, ng’ambo ya bara, alitawala Ahmed bin Fumo Luti, aliyelakabiwa Simba, wa ukoo wa Wanabahani wa Pate, ambaye alikataa mamlaka ya Unguja. Mwezi Aprili 1885 aliafikiana na ndugu wawili, Clemens na Gustav Denhardt, akawapa ardhi. Na tarehe 27 Mei mwaka huohuo Ujerumani ikatangaza kumlinda. Mnamo 1887 ikaundwa Kampuni ya Witu ya Kijerumani. Witu haikuwa na bandari iliyoweza kulingana na Lamu, na Lamu ilikuwa chini ya Sultani wa Unguja. Kampuni ililazimika basi kuwa na mguu wake mmoja katika mji usiokuwa wake.

Posta ilifunguliwa katika hali hiyo. Haikuwa ofisi kuu ya serikali yenye watumishi wengi, bali uwakala, na kazi yake ilishikwa na Kurt Toeppen, mwakilishi wa kampuni mjini Lamu. Stempu zilikuwa za Dola ya Ujerumani, na mhuri ulitaja Lamu na Afrika ya Mashariki. Ni dhahiri kwamba aliyekuwa nyuma ya meza alikuwa mfanyabiashara, na kwamba mhuri wenyewe ulikuwa hoja ya kisiasa: kila bahasha iliyotoka ilidai kwamba mahali hapo tayari pana utawala wa Ujerumani, ilhali nje ya mlango forodha ilikuwa ya Sultani.

Hutajwa mara kwa mara kwamba hii ilikuwa posta ya kwanza katika Afrika ya Mashariki. Dai hilo halina msingi. Utawala wa Uingereza wa Bara Hindi uliwahi kufungua posta Unguja mwaka 1868, ikafungwa mwaka uliofuata, kisha ikafunguliwa tena mwaka 1875, miaka 13 kabla ya ile ya Lamu.

Ushindani wa forodha ulifikishwa kwa msuluhishi. Kampuni ya Witu na Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki kila moja ilidai haki ya kusimamia Lamu kwa niaba ya Sultani. Mwezi Agosti 1889 Baron Lambermont wa Ubelgiji aliamua kwamba madai ya Wajerumani hayakuthibitika, na kwamba Sultani alikuwa huru kuwapa Waingereza. Wajerumani walijibu kwa kwenda kaskazini: mwezi Oktoba 1889 walitangaza ulinzi wao juu ya pwani yote kati ya Witu na Kismayu. Mkokoni iko katika pwani hiyo. Kwa miezi ipatayo tisa kijiji cha wakataji na wavuvi kilikuwa, katika ramani za Ulaya, sehemu ya himaya ya Ujerumani. Tarehe 1 Julai 1890 mkataba baina ya Ujerumani na Uingereza uliondoa jambo hilo: Ujerumani ilipata kisiwa cha Helgoland katika Bahari ya Kaskazini, ikaacha Witu na pwani iliyoendelea hadi Kismayu.

Tukio lililofuata lilihusu miti. Mjerumani Andreas Küntzell alifika Witu mwaka 1890 pamoja na wenzake akikusudia kuanzisha kiwanda cha mbao. Fumo Bakari, aliyekuwa mtawala wakati huo, hakuwaruhusu, na mwezi Septemba mgogoro ukaisha kwa kuuawa kwa Küntzell na wenzake kadha. Mwezi Oktoba jeshi la Uingereza chini ya Admeri Fremantle liliushambulia mji wa Witu na kuuchoma. Miezi mitano baadaye posta ya Lamu ikafungwa. Mikataba ilikuwa imekwisha kutiwa sahihi Ulaya, lakini watu walikufa kwa swali ambalo mikataba haikulitaja: nani ana idhini ya kukata mti katika nchi ya mwingine?

Barua na lugha

Je, posta hiyo iliacha nini katika Kiswahili? Utawala wa Ujerumani huko Tanganyika uliacha maneno yanayojulikana, kama vile shule na hela. Lamu haikupata hata moja lililo lake. Neno posta lenyewe lina sura inayoweza kutokana na lugha kadha za Ulaya, wala haliwezi kuwa ushahidi wa Usita wa Mui. Barua ni neno la asili ya Kiarabu, na lilikuwako kabla ya stempu yoyote.

Wala uandishi wa barua haukusubiri Ulaya. Wafanyabiashara wa pwani waliandikiana kwa hati za Kiarabu, kwa Kiarabu na kwa Kiswahili, na mpelekaji alikuwa nahodha au jamaa aliyeaminika. C. G. Büttner alichapisha mjini Berlin, mwaka 1892, mkusanyo wa maandishi ya Kiswahili kwa hati za Kiarabu, na humo msomaji huona jinsi utaratibu wa salamu, madai na risiti ulivyokuwa umekomaa. Kilichobadilishwa na posta kilikuwa dhamana: mahali pa uaminifu wa mtu palichukuliwa na mhuri wa ofisi.

Uhusiano wa kimaandishi baina ya Lamu na Ujerumani haukukatika ofisi ilipofungwa. Bali ulistawi baadaye, kwa njia nyingine. Muhamadi Kijuma wa Lamu, mshairi, mwandishi wa hati na mchongaji wa milango, aliwanakilia wataalamu wa Ulaya tenzi na mashairi mengi, miongoni mwao William Hichens na Ernst Dammann, ambaye alifanya utafiti Lamu katika miaka ya 1930. Sehemu kubwa ya kile kinachosomwa leo katika vyuo vikuu kama fasihi ya Kiamu ilipitia mkononi mwa fundi huyo. Yafaa ikumbukwe kwamba mkono ulioandika tenzi ndio uliochonga mbao: katika Lamu elimu ya maneno na elimu ya ujenzi hazikuwa mbali.

Soko linapokufa

Posta ilipofungwa, biashara ya boriti haikutetereka. Majahazi ya Uarabuni na Ghuba ya Uajemi yaliendelea kuja na kaskazi na kurudi na kusi yakiwa yamejaa miti. Alan Villiers, aliyesafiri katika jahazi la Kuwait mwaka 1938 na 1939, aliwaona mabaharia wakipakia miti katika delta ya Rufiji. Huko Kuwait miti hiyo huitwa chandal, na vyumba vya zamani vya miji ya Ghuba vina wembamba uleule wa vyumba vya Lamu, kwa sababu ileile.

Mambo matatu yaliidhoofisha kazi hiyo. La kwanza ni sheria: mwaka 1932 mikoko ya Kenya ilitangazwa kuwa msitu wa serikali, na mkataji akahitaji leseni. La pili ni soko: mapato ya mafuta yalileta chuma na saruji katika Ghuba, na mwaka 1982 serikali ya Kenya ikapiga marufuku kuuza boriti nchi za nje. Mwaka 2018 ukaja tena mwiko wa jumla wa kukata miti katika misitu ya umma, nao uliwagusa wakataji wa Lamu moja kwa moja. Sababu za hifadhi ni za kweli. Mikoko hulinda ufuo na mazalio ya samaki, na pwani ya Mkokoni imo katika eneo la hifadhi ya bahari ya Kiunga lililotengwa mwaka 1979. La tatu ni usalama: vita vya shifta vya miaka ya 1963 hadi 1967 viliwaondoa Wabajuni wengi katika vijiji vya bara, wakakimbilia visiwani, na baadhi ya vijiji havikurudia hali yake ya awali.

Matokeo kwa lugha ni rahisi kuyaeleza. Neno kama mazio halifundishwi shuleni. Hufundishwa matopeni, na mkubwa kwa mdogo, mti ukiwa mkononi. Kazi ikipungua, darasa limefungwa. Kamusi ya Sacleux, iliyoanza kutolewa mwaka 1939, ilijitahidi kuyaonyesha maneno kwa lahaja zake, na bado ni hazina. Lakini kamusi huweza kusema kwamba mazio ni mti wa unene fulani. Haiwezi kusema jicho la mkataji liliutambuaje kabla ya shoka.

Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba nyumba iitwayo Posta ya Wajerumani ni ushahidi wa mambo mawili yenye urefu usiolingana. Ubao ulio mlangoni unasimulia miezi 28 ya ushindani wa kampuni. Dari inasimulia mfumo wa kazi, vipimo na maneno uliodumu kwa karne nyingi na kuunganisha hori, miji ya mawe na Ghuba. Hakuna sababu ya kuliondoa jina lililozoeleka. Nalo ni sehemu ya historia. Ipo sababu, hata hivyo, ya kutoliacha peke yake.

Jambo hili lina upande wa utendaji. Nyumba ya chokaa na boriti huhitaji kutengenezwa kila kizazi, na boriti iliyooza haiponyeshwi na nondo bila ya kuibadili nyumba. Atakayeitengeneza atahitaji fundi anayejua kuagiza, na mkataji anayejua kilichoagizwa. Na baina yao patahitajika maneno. Kwa hiyo kuorodhesha msamiati wa mikoko, wa tanuu na wa dari, kwa Kiamu na kwa Kitikuu, pamoja na maana zake mbili za kazi na za soko, ni kazi ya uhifadhi sawasawa na kupaka chokaa. Idara za lugha zina uwezo wa kuifanya kwa gharama ndogo, madhali wanaoyajua maneno hayo bado wapo Mkokoni, Kiwayuu, Ndau na Faza. Historia ya wapangaji wa nyumba hiyo inaweza kungoja, kwa kuwa imekwisha kuandikwa Berlin na London. Historia ya boriti zake haina mahali pengine pa kutunzwa isipokuwa katika vinywa vya wazee, na hao hawangoji.